Kata shafti pale kiwanda kilipochomelea

Barabara ya kutoka Mpanda kwenda Kaliua kupitia Ugalla inabeba mpunga, mahindi, tumbaku, asali na mbao. Mvua zikishaanza Novemba, hali ya udongo haitulii hadi Aprili, na gari linalopita kwenye tope hutumia gia nzito kwa muda mrefu kuliko lile linalokimbia kwenye lami. Katika mazingira hayo injini na giaboksi huchoka kabla ya bodi. Mwenye Land Cruiser, Hilux au Canter ya miaka 25 haoni sababu ya kulitupa gari zima kwa kuwa injini imekufa. Anatafuta injini nyingine, pengine ya gari la aina tofauti, pamoja na giaboksi yoyote inayopatikana, na mara nyingine difu lililotoka kwenye gari la tatu. Fundi anapovipanga vyote chini ya bodi moja, vinakubali kukaa isipokuwa shafti. Moja imezidi kwa sentimita nne, nyingine imepungua. Hapo ndipo grenda inapowashwa.

Kukata shafti ni kazi halali, na kwa magari yetu mara nyingi haiepukiki. Ninachopinga ni mazoea ya kuikata shafti yoyote mahali popote, kuiunganisha kwa kuchomelea, kuilainisha kwa grenda mpaka mshono usionekane, kuipaka rangi na kumkabidhi mwenye gari. Shafti zimetengenezwa kwa chuma cha namna mbalimbali, na kila namna ina tabia yake mbele ya moto. Kuna sehemu ambazo kiwanda chenyewe kilichomelea. Hizo fundi wa Mpanda anaweza kuzikata na kuzichomelea upya akiwa na uangalifu. Kuna nyingine ambazo kiwanda kilizipa ugumu kwa moto uliopimwa, kisha hakikuzigusa tena kwa moto. Hizo zikichomelewa gereji zinakuwa chuma kingine, hata kama umbo ni lile lile.

Ili tuelewane, tuanze na chuma chenyewe. Chuma laini cha nondo, mageti na fremu za madirisha kina kaboni kidogo, kama asilimia 0.2 au chini ya hapo. Kinakunjika, kinakubali tupa, na hata kichomelewe na mwanafunzi kinashika. Shafti za ekseli za nyuma, zile zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu, kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.4. Kiasi hicho kinatosha kukifanya chuma kibadilike kabisa kinapopashwa hadi nyuzi joto 850 hivi na kupozwa ghafla. Kiwandani shafti hupitishwa ndani ya koili ya umeme inayopasha ngozi ya nje tu, kwa unene wa milimita chache, kisha maji hurushwa papo hapo. Ngozi inakuwa ngumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake bila kuacha alama, huku moyo wa ndani ukibaki na ulaini wa kustahimili mshtuko. Shafti za giaboksi pamoja na gia zake hupita njia nyingine. Zinachongwa kwa chuma chenye kaboni kidogo kilichochanganywa na kromiamu, nikeli au molibdeni, zinawekwa kwa saa nyingi kwenye tanuru lenye gesi ya kaboni kwenye nyuzi 900 na zaidi, na kaboni inapenya ngozi kwa kina cha karibu milimita moja. Baada ya kuzimishwa zinapashwa tena kwa upole, karibu nyuzi 180, ili zisiwe za kuvunjika kama kioo. Joto hilo la mwisho linafaa kukumbukwa. Kitu kilichokamilishwa kwa nyuzi 180 hakiwezi kupelekwa kwenye nyuzi 500 kikabaki kama kilivyokuwa.

Kwa nini ngozi hiyo inabeba uzito mkubwa hivi katika hoja hii? Kwa sababu shafti inasokotwa, na katika msokoto mkazo mkubwa uko nje. Katikati kabisa ya shafti mkazo ni sifuri, na unaongezeka kadiri unavyokaribia uso. Ukichukua shafti nzima na kuchora ndani yake duara lenye nusu ya kipenyo, chuma chote kilichomo ndani ya duara hilo kinabeba sehemu 1 tu kati ya 16 za nguvu ya msokoto. Sehemu 15 zinabebwa na chuma kilicho nje yake. Ndiyo sababu propela, yaani shafti ya kutoka giaboksi hadi difu, inaweza kuwa bomba tupu na bado ikasukuma lori. Ndiyo sababu pia fundi anayechimba shafti kwa grenda ili kuondoa mshono uliovimba anajidhuru kuliko anavyodhani, maana uwezo wa shafti kustahimili msokoto unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Punguza kipenyo kwa asilimia 10 na umepoteza asilimia 27 ya uwezo.

Tupige hesabu ya gari la kawaida. Tuchukue injini ya dizeli inayotoa newtoni-mita 280, gia ya kwanza inayozidisha mara 4 na difu linalozidisha mara 4. Propela inabeba newtoni-mita 1,120. Baada ya difu zinakuwa 4,480, na kila shafti ya ekseli inabeba nusu yake, yaani 2,240, ambayo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 220 mwishoni mwa spana yenye urefu wa mita moja. Dereva aliyezama matopeni akiingiza gia nzito ya ziada inayozidisha tena mara 2, kila shafti inapokea 4,480, na kama difu limefungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, upande wenye mshiko unaweza kubeba karibu mzigo wote peke yake. Shafti hiyo yenyewe mara nyingi haizidi unene wa vidole viwili. Ilistahimili kazi hiyo kwa miaka 25 kwa sababu ya ile ngozi ya milimita chache. Na injini mpya iliyofungwa mara nyingi ina nguvu zaidi ya ile ya kwanza, kwa hiyo shafti inakatwa na kudhoofishwa wakati ule ule inapoongezewa kazi.

Sasa tuitazame grenda. Msumeno wa chuma hauwezi kuingia kwenye ngozi ngumu; meno yake yanaisha kabla ya mkwaruzo kuonekana. Jiwe la kukatia linaingia, lakini linaingia kwa moto. Cheche zile ni chembe za chuma zinazoungua, na pembeni mwa mkato chuma kinaandika joto lake kwa rangi, ambayo kila fundi ameiona bila kufundishwa kuisoma: manjano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia karibu 260, zambarau karibu 280, buluu karibu 300. Penye buluu, shafti ya giaboksi imeshapoteza sehemu ya ugumu wake. Dawa ni rahisi na haigharimu kitu: kata kwa vipindi vifupi, zungusha shafti ili mkato ukutane katikati badala ya kuzamisha jiwe upande mmoja, funga kitambaa chenye maji sentimita chache kutoka kwenye mkato, na usubiri. Usisubiri chuma kiwe chekundu ndipo ukimwagie maji, kwa kuwa chuma chekundu cha kaboni 0.4 kikizimwa ghafla kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka pale pale. Gesi ya kukatia isitumike kabisa kwenye shafti itakayorudi kwenye gari. Mashine ya kukereza yenye kisu cha kabaidi inakata ngozi ngumu bila kuichoma, na ndiyo njia bora kuliko zote.

Na kwa kuwa tumeitaja grenda, kuna jambo linaloua mafundi wenyewe. Grenda ndogo ya jiwe la milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mawe mengi ya kukatia yametengenezwa kustahimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni. Ukitoa kinga na kufunga jiwe la milimita 230 kwenye grenda hiyo ndogo ili lifike ndani zaidi, ukingo wake unakwenda kwa zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Jiwe hilo linaweza kupasuka, na vipande vyake vikapiga uso au shingo.

Kuchomelea ni shauri zito zaidi. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, na tone la mshono linapogusa shafti baridi na nene, mwili wa shafti unalinyonya joto kwa kasi kubwa. Kando kabisa ya mshono kunabaki pete nyembamba ya chuma iliyopita nyuzi 850 na kupozwa ghafla na shafti yenyewe, bila mtu kumwaga maji. Pete hiyo ni ngumu kupita kiasi na haina uvumilivu. Milimita chache zaidi kuna pete ya pili ambayo haikufika joto la kubadilika, ila ilifika nyuzi 500 au 600, na ugumu mwingi wa kiwandani umeyeyukia hapo. Kwa hiyo shafti moja sasa ina pete inayopasuka na pete inayolegea, zimekaa jirani, kwenye ngozi ile ile inayobeba sehemu 15 kati ya 16. Kulainisha kwa grenda hakuondoi hata moja kati ya hizo. Kunaondoa ushahidi tu.

Juu ya hayo kuna unyevu. Vijiti vya kuchomelea vilivyokaa kwenye kabati la gereji tangu Desemba vimenyonya maji hewani. Kwenye moto wa mshono maji yanatengana, na haidrojeni inaingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa, haidrojeni inajikusanya kwenye ile pete ngumu na kuipasua kutoka ndani. Jambo hili halitokei mbele ya macho ya fundi. Ufa unaweza kuanza baada ya saa 48 au zaidi, wakati gari limeshajaribiwa, limelipiwa na limeondoka. Anayesema shafti imechomelewa vizuri kwa sababu gari lilizunguka mji mzima jioni hiyo ametoa ushahidi juu ya jioni hiyo tu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, na ndilo lenye nguvu kuliko yote: magari yaliyochomelewa shafti yapo, yanatembea, mengine miaka miwili mitatu. Ni kweli, na hakuna haja ya kulikana. Lakini ubishi huu si mpya. Watu wa reli waliumaliza zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli ya injini, mabehewa yakapanda juu ya injini na kushika moto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli hiyo ilikuwa imetembea siku nyingi bila kulalamika. Miaka iliyofuata, Mjerumani August Wöhler alizungusha ekseli za mabehewa kwenye mitambo ya majaribio maelfu kwa mamilioni ya mara, akaonyesha kwamba chuma huvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja mara moja, mradi mzigo huo urudiwe vya kutosha. Uchovu huo unaanzia kwenye kasoro ya uso: kona kali, mkwaruzo, ukingo wa mshono. Ufa unasogea kidogo kidogo kila dereva anapoachia klachi, na chuma kilichobaki kinaendelea kufanya kazi kikamilifu hadi siku kinaposhindwa. Ndiyo maana shafti iliyovunjika kwa uchovu huonyesha uso wenye mistari laini iliyopangana kama fukwe za ziwa linalokauka, na kipande kidogo tu chenye mparuzo mpya. Fundi akiona sura hiyo ajue kwamba kuvunjika kulianza zamani. Gari lililotembea miaka miwili halijathibitisha kwamba shafti ni nzima. Huenda limetumia miaka miwili ya ufa.

Wapo watakaosema kwamba shafti ikivunjika gari linasimama tu, mnalala porini, kesho mnavutwa. Hilo linategemea aina ya ekseli, na mwenye gari anapaswa kujua ni ipi anayoendesha. Katika Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 na katika malori kama Canter na Fuso, uzito wa gari nyuma umebebwa na hausingi na beringi za habu. Shafti inasokota tu. Unaitambua kwa flenji iliyofungwa kwa bolti katikati ya habu, na shafti huchomolewa gurudumu likiwa mahali pake. Ikivunjika, gari linakosa nguvu na kusimama. Lakini katika Hilux, Noah yenye ekseli nzima ya nyuma na magari mengi madogo ya abiria, shafti hiyo hiyo inabeba uzito, na gurudumu limefungwa kwenye shafti. Ikivunjika karibu na gurudumu, gurudumu linatoka na kwenda zake. Kwenye gari lililojaza watu na magunia, likishuka daraja la mbao au likikimbia kwenye lami ya Sikonge, hakuna dereva atakayelishika. Kwa magari ya namna hii sioni nafasi yoyote ya majadiliano: shafti iliyochomelewa isifungwe hata kwa siku moja.

Basi mkato uende wapi? Uende kwenye propela, na hapa fundi wa Mpanda ana uwanja mpana kuliko anavyofikiri. Propela ni bomba la chuma chenye kaboni kidogo, na kiwandani kwenyewe bomba hilo lilichomelewa kwenye vichwa vyake vya krosi. Inabeba robo ya nguvu ya baada ya difu, na kipenyo chake kikubwa kinafidia wembamba wa ukuta. Kila kitu kwenye umbo lake kinakubali kufupishwa. Kinachohitajika ni nidhamu. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida, pima umbali kutoka flenji hadi flenji, na uache nafasi ya sentimita mbili au tatu kwenye meno yanayoteleza, kwa kuwa springi zikicheza urefu unabadilika. Chora mstari mmoja mnyoofu kwa chokaa kutoka kichwa kimoja hadi kingine kabla ya kukata chochote. Mstari huo ndio utakaorudisha krosi mbili kwenye mkao wake, maana krosi ikiwa kwenye pembe haizunguki kwa mwendo sawa: inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili kazi yake ni kufuta makosa ya ile ya kwanza. Zikipishana, propela inatetemeka, beringi ya nyuma ya giaboksi inakufa, na lawama inapelekwa kwa giaboksi ambayo haina hatia.

Kwenye mashine ya kukereza, mshono wa kiwandani hukerezwa mpaka kichwa kitoke, bomba hukatwa kwa pembe mraba, kichwa hurudishwa kwa kubana, na kabla ya kuchomelea huzungushwa taratibu huku kipimo cha saa kikionyesha kama kimeyumba. Kwanza madonge manne yanayotazamana, kisha kupima tena, kisha mshono mzima kwa vipande vinavyopishana ili joto lisivute bomba upande mmoja. Mwisho ni kusawazisha uzito. Hili ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo lisilopaswa kurukwa, kwa sababu mtikisiko wa uzito usiosawazika unakua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kutikisa inaongezeka mara nne. Gari lisilotikisika kwenye mashimo ya Nsimbo litatikisika kwenye lami mpya. Na kwa kila propela iliyokatwa, mkanda wa chuma ufungwe chini ya ncha yake ya mbele. Propela ikikatika mbele ncha hiyo huanguka, huchimba ardhi na kuweza kuliinua gari lenyewe.

Shafti ya kuingiza nguvu kwenye giaboksi, ile inayobeba sahani ya klachi, ina ruhusa moja ndogo. Ncha yake ya mbele, iliyo nje ya meno na inayokaa ndani ya beringi ndogo ya flaiwili, haibebi msokoto. Kazi yake ni kushika katikati. Ikizidi kwa milimita chache inaweza kukatwa kwa jiwe na maji, ikalainishwa kona, na kazi ikaisha. Hata hivyo njia nzuri zaidi ni kutoigusa. Bamba la kati linalochongwa kwa unene unaotakiwa na kuwekwa kati ya injini na giaboksi linairudisha shafti nyuma bila kuikata, na kwa shafti iliyopungua, bushi ndefu ya shaba inaweza kuwekwa kwenye flaiwili iifuate. Vyote viwili ni kazi za kukereza, kwenye metali laini ambayo haina siri.

Kwa shafti za ekseli jibu ni kali. Usiunge. Kufupisha kwa kuchonga meno mapya kunawezekana kwa shafti chache zenye unene ule ule mwanzo hadi mwisho, na kunahitaji mashine yenye kigawanyio cha pembe ili kila jino likae mahali pake. Shafti nyingi zimepunguzwa unene katikati, kwa hiyo ukikata mwisho wenye meno hakuna chuma cha kutosha kuchonga mengine. Njia ya uhakika ni kulichukua difu pamoja na hausingi na shafti zake, vyote kutoka gari moja, kisha ukarekebisha viti vya springi na urefu wa propela. Kazi ya kukata inahamia kwenye chuma kinachokubali kukatwa.

Pingamizi la pili ni la fedha na umbali. Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na spea inayopatikana Gerezani au Ilala leo inaweza kumfikia mtu wa Ugalla baada ya msimu wa mavuno kukaribia kuisha. Mkulima mwenye magunia ya mpunga nje hawezi kusubiri. Namwelewa, na sitaki fundi alaumiwe kwa umaskini wa barabara. Lakini tuhesabu vilevile upande wa pili. Uchomeleaji wa shafti ni nafuu siku ya kuchomelea. Shafti ikikatika ndani ya difu, vipande vya chuma kigumu vinasagwa na gia, na mwenye gari aliyeokoa bei ya shafti ananunua difu zima. Na umbali wenyewe umepungua. Lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge sasa inafika Mpanda, barabara ya Sumbawanga nayo ipo, na reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, bado inavuka Mto Ugalla na kuleta mizigo. Shafti ya ekseli ni kifurushi cha kilo chache. Inasafiri kwa basi.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wazee wa kazi: mbona wahunzi wetu wamepasha na kuzimisha chuma tangu zamani, kwa nini fundi asirudishe ugumu kwa makaa na oili chafu? Swali hili linastahili heshima, kwa kuwa ukanda huu una historia nzito ya chuma. Jirani zetu Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyofikia mita tatu na kujivutia hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakasafisha chuma hicho kwenye matanuru madogo, vintengwe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amelitafiti jambo hilo kwa miaka mingi. Waliojenga matanuru hayo walijua joto kwa jicho na kwa sauti ya moto. Lakini walichohitaji ni jembe, shoka na mkuki, vyombo ambavyo ni ukingo tu unaotakiwa kuwa mgumu, na vikivunjika vinarudi kwa mhunzi. Shafti ya urefu wa mita moja ikipashwa kwa makaa inapata joto lisilo sawa, ikizamishwa kwenye pipa la oili inapinda, na ikinyooshwa kwa nyundo baada ya kuwa ngumu inapata ufa. Ujuzi wa mhunzi ni wa kweli; chombo ndicho kimebadilika.

Mtu aliyesoma zaidi atasema kwamba chuma cha kaboni 0.4 kinachomeleka. Kinachomeleka, ndiyo: kipashwe kwanza hadi nyuzi 200 au 300 na kudumishwa hapo, vijiti viwe vya haidrojeni kidogo vilivyokaushwa kwenye oveni, kipozwe polepole ndani ya majivu makavu, kisha kitu chote kipewe ugumu upya. Kiwanda chenye oveni, kipimajoto na mashine ya kupima ugumu kinaweza kufanya hivyo. Gereji yenye mashine ya kuchomelea chini ya mwembe ikifuata nusu ya masharti hayo imepata nusu ya shafti.

Shafti zilizokataliwa zisitupwe. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Mpanda chuma hicho kinafaa patasi, nyundo za mawe na pini za karasha, mahali ambapo kikivunjika anayepoteza ni mwenye karasha na siyo abiria. Na fundi aliyebanwa kabisa, akakereza shafti ya muda kwa chuma laini, amwambie mwenye gari kwa maandishi kwamba ni ya kufikia Mpanda tu. Chuma laini husokoteka kabla ya kukatika na kutoa onyo. Angalau kina ukweli huo.

Ombi langu ni kwa pande mbili. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na chuo cha VETA Mpanda viweke hadharani huduma tatu kwa mafundi wa Nsimbo, Mlele, Tanganyika na Mpanda yenyewe: kupima ugumu wa shafti, kusawazisha propela, na kukereza mabamba ya kati kwa vipimo vinavyoletwa na fundi. Wakaguzi wa magari nao, wanapolala chini ya gari lililobadilishwa injini, watazame shafti kabla ya taa. Kwako mwenye gari: kabla hujalipia kazi ya kubadilisha injini au giaboksi, muulize fundi ni shafti ipi aliikata, aliikata wapi, na aliichomelea au hapana. Akijibu kwamba ameunga shafti ya ekseli, usiliondoe gari gereji.